Jalada la Kitabu na Pongo ya Wamama wa Ituri

Wengi wetu hapa Nyakasanza tumeona ile karatasi ya mawimbi-mawimbi iliyobandikwa kwenye majalada ya rejista za zamani. Tunaisifu, na ni haki yake. Fundi anatia matone ya rangi juu ya maji mazito, anayavuta kwa sindano ao kitana, kisha analaza karatasi juu yake mara moja tu. Inayotoka haina pacha. Waturuki wanaiita ebru, na UNESCO iliiandika katika urithi wa utamaduni wa binadamu mwaka 2014.

Lakini mutu asisifu nguo ya jirani na kusahau ya kwao. Katika pori la Ituri, wanaume Wambuti wanaponda ganda la ndani la muti mpaka linalainika kama kitambaa. Kisha wamama wanachora kwa vidole na vijiti. Rangi nyeusi wanaipata katika maji ya tunda la gardenia yaliyochanganywa na makala. Hiyo ndiyo pongo. Wengine wanasema murumba.

Wasomi wetu wanasemaka: «Mistari hii haina mpango, pembe moja imebaki wazi, kazi haikuisha.» Sisi tunakataa. Kwenye karatasi ya mawimbi, maji yanasaidia mukono. Kwenye pongo hakuna maji ya kusaidia: kila mustari ni uamuzi. Mama anaanza mustari, anaukata, anaacha nafasi, anauanza tena mbali, sawa na nyimbo za Wambuti ambamo sauti moja inanyamaza ili ingine iingie. Ile nafasi wazi ni pumzi ya kazi.

Ndiyo maana nakala tunazoziona kwenye karte na majalada zinatuuzunisha. Mistari imepimwa kwa rula, pembe zote zinafanana, pumzi imeziba. Na si kila pongo ni nzuri: zingine zilichorwa mbio-mbio kwa ajili ya wanunuzi, na jicho linaona.

Mwaka 1995 Georges Meurant na Robert Farris Thompson walitoa kitabu kizima juu ya michoro hii. Wageni wameisoma, sisi wenyewe bado tunaiita ya washenzi.

Basi, siku tutakapotaka jalada jipya la kijitabu chetu, tusitume kijana kutoa fotokopi. Tumuendee mama anayechora, tumulipe vizuri, na jina lake liandikwe ndani pamoja na majina ya waandishi.