Mikono Iliyopanga Vigae vya Barcelona

Kigae bapa hakikubali kupinda. Ukikibandika kwenye ukuta uliojikunja, upande mmoja utashika na mwingine utabaki hewani. Antoni Gaudí alikutana na shida hiyo miaka ya 1880, alipokuwa akijenga lango na zizi la farasi katika shamba la tajiri Eusebi Güell, pembeni mwa Barcelona. Mbunifu huyo hakupenda mistari iliyonyooka. Alitaka kuba, mikunjo na migongo. Dawa aliyoipata ni nyundo. Vigae vivunjwe, vipande vipangwe upya, kwani kipande kidogo hufuata mkunjo wowote utakaokipa. Ufundi huo Wakatalani huuita trencadís, na ndio ulionila saa zote nilizokuwa nazo mjini nikisubiri ndege ya kuendelea na safari. Foleni ya kanisa la Sagrada Família niliwaachia wengine.

Anayeutazama kwa mbali hudhani ni kazi ya kubahatisha, kwamba vigae vimevunjwa na kumwagwa ukutani. Sogea karibu. Kila kipande kimechaguliwa. Fundi huvunja kigae, hupunguza kingo kwa koleo, hukijaribu kwenye nafasi yake, hukigeuza, na mara nyingine hukiweka kando akatafuta kingine. Nafasi kati ya kipande na kipande ndiyo inayomtambulisha fundi hodari. Ikiwa pana mno, jicho litaona saruji kabla ya kuona rangi. Ikiwa finyu mno, mkunjo utakataa na vipande vitapandana. Uamuzi huo hufanywa tena na tena, mikono ikiwa na tope la chokaa, na chokaa yenyewe haimsubiri mtu. Hakuna kipande kilicho pacha wa mwenzake, kwa hiyo mchoro wa mbunifu hauwezi kumwambia fundi kila kitu. Hapo ndipo fundi anapogeuka kuwa msanii, apende asipende.

Mahali pa kuuona ufundi huu umefika kilele ni Park Güell, juu ya kilima. Kazi ilianza mwaka 1900 kwa nia ya kujenga mtaa wa nyumba za matajiri. Viwanja havikupata wanunuzi wa kutosha, ujenzi ukasimama mwaka 1914, na mwaka 1926 eneo likafunguliwa kuwa bustani ya umma. Nasema bila kusita kwamba jiji lilipata faida kubwa kutokana na biashara ile iliyokufa. Kwenye uwanja wa juu kuna benchi refu linalojipinda kwa zaidi ya mita 100, likiuzunguka uwanja kama ukingo. Gaudí ndiye aliyebuni umbo. Upambaji wake kwa sehemu kubwa ni wa Josep Maria Jujol, msaidizi wake aliyezaliwa mwaka 1879, mtu mwenye jicho la rangi ambalo sidhani mwalimu wake alikuwa nalo. Alitumia vigae vilivyokataliwa, sahani na vyombo vilivyovunjika. Rangi hupita kutoka njano kwenda kijani, zikaingia buluu, zikapotea katika weupe, kisha zikaibuka tena mbele pale usipozitarajia. Ukichunguza kwa subira utaona hata maneno ya kumsifu Bikira Maria yaliyokwaruzwa kwenye vigae.

Keti sasa. Benchi ni la kigae kigumu, lakini mgongo unapata pa kuegemea, kiuno kinapata pa kutulia. Mikunjo yake inawakalisha watu wakitazamana kidogo, kiasi cha kuzungumza bila kugeuza shingo. Maji ya mvua huchujika kwenye uwanja huo, hushuka ndani ya nguzo zilizoubeba, na kukusanyika kwenye tangi lililo chini. Ukishuka kati ya nguzo hizo, inua macho: darini Jujol alipachika maduara makubwa ya vigae, glasi na vyombo vilivyovunjika, mahali ambapo wengi hupita wakiangalia simu zao.

Mtu wa pwani yetu ya Afrika Mashariki hawezi kuyaona hayo akayaita mageni kabisa. Kwenye makaburi ya kale ya Kunduchi, na kwenye kaburi la mnara la Mambrui karibu na Malindi, mafundi walipachika bakuli za kauri za Kichina ndani ya chokaa ili zing'ae juani. Wao waliweka chombo kizima, cha thamani, kilichovuka bahari. Wa Barcelona waliokota kilichotupwa, na hilo ndilo ninalolisifu zaidi.

Wasanii wa kisasa waliomfuata Gaudí hawakuuona ufundi huu kuwa wa kizamani. Joan Miró, mzaliwa wa Barcelona na mtoto wa fundi wa saa na dhahabu, alishirikiana miaka mingi na mfinyanzi Josep Llorens Artigas. Ukuta wao mkubwa wa kauri, wa mwaka 1970, uko kwenye uwanja wa ndege wenyewe, katika jengo la zamani. Kisha kuna sanamu ya Dona i Ocell, yaani Mwanamke na Ndege, yenye urefu wa mita 22, katika bustani iliyokuwa machinjio ya jiji. Ilizinduliwa mwaka 1983, mwaka ambao Miró alifariki. Mwili wa sanamu hiyo umevishwa vipande vya vigae vyekundu, vya njano, vya kijani na vya buluu. Niliigusa. Kingo za vipande zimelainishwa vizuri mno.

Njaa ilinipeleka soko la Santa Caterina. Paa lake jipya, lililokamilika mwaka 2005 kwa ubunifu wa Enric Miralles na Benedetta Tagliabue, limefunikwa vigae vya pembe sita vya rangi 67, zikiwa rangi za matunda na mboga zinazouzwa chini yake. Aliye barabarani haoni sehemu kubwa ya paa hilo. Wanaolifaidi ni wakazi wa ghorofa jirani. Nilikula escalivada, biringanya na pilipili hoho zilizochomwa hadi ganda likawa jeusi, zikamenywa na kumwagiwa mafuta ya zeituni. Pembeni paliwekwa mkate uliosuguliwa nyanya mbivu, chumvi na mafuta, chakula ambacho kila meza ya Kikatalani inakijua. Mkate ulioanza kukauka ndio unaofaa zaidi, kwa sababu unastahimili kusuguliwa na unainywa nyanya yote. Siku inayofuata Krismasi, nyama iliyobaki husagwa, ikaviringishwa ndani ya tambi pana, na hiyo ndiyo karamu ya siku hiyo. Jiko na ukuta wa mji huu vina tabia moja ya kutokubali kwamba kilichobaki hakina kazi.

Gaudí alikuwa mtoto wa mfua shaba, na naamini alijua kwamba mikono nayo hufikiri. Hata hivyo, sifa za benchi lile zimemwangukia yeye karibu peke yake. Jujol hutajwa na wachache, na waliopiga magoti juani wakichagua kipande kimoja baada ya kingine hawatajwi. Sisi nasi hatuna cha kujivunia hapo. Jiwe la msingi la shule, la soko au la msikiti hubeba jina la mgeni rasmi aliyefika asubuhi na kuondoka mchana. Enyi mnaojenga leo Dar es Salaam, Mombasa, Zanzibar na kwingineko, chini ya jina hilo andikeni na majina ya mafundi.