Swali la Kijinga Linapimwa na Nani?

Ukiuliza swali kwenye mradi wa programu huria, usishangae ukitupiwa mwongozo wa Eric Raymond na Rick Moen wa mwaka 2001, ule wa kuuliza maswali kwa werevu. Wengi wanautumia kama sheria. Hebu leo tuusome kama maandishi.

Tutende haki: ushauri wake mwingi ni mzuri. Tafuta kwanza, taja toleo la programu, eleza dalili na siyo dhana zako, ukipata jibu rudi useme. Tena unakubali kwamba anayeuliza kwa lugha isiyo yake avumiliwe kidogo. Shida iko kwenye sauti. Unafundishwa namna ya kuonekana mwerevu mbele ya mafundi, na ukijibiwa kwa ukali, kumeza ni kazi yako. Sasa mtu mwenye hofu hasemi "imegoma nilipobonyeza hapa". Ananyamaza, au anapamba swali mpaka ushahidi unapotea.

Linganisha na Simon Tatham, yule aliyeandika PuTTY. Makala yake ya 1999 kuhusu kuripoti hitilafu ni fupi zaidi, na inahangaika na jambo moja: mtengenezaji aione hitilafu kwa macho yake. Ukishindwa kumwonyesha, mweleze ulichofanya na kilichotokea, hatua kwa hatua, na ujumbe wa kosa neno kwa neno. Basi. Wewe uliyewahi kukaa maabara unaijua kanuni hii: mwenzako aweze kurudia jaribio.

Siku hizi kuna na roboti. Ile ya GitHub ya kufunga ripoti zilizolala, usipobadilisha mipangilio yake, inasubiri siku 60 za ukimya, inaweka alama, halafu baada ya siku 7 inafunga. Ukimya wa nani? Mara nyingi wa watunzaji wenyewe! Yaani hitilafu imehesabiwa kuwa imekwisha kwa kuwa hakuna aliyeitazama.

Watunzaji wamechoka, hilo silibishi. Mwaka 2022 mtunzaji wa xz, programu ya kubana mafaili, aliyekuwa akiifanya kazi hiyo bila malipo, aliandamwa na akaunti zilizolalamika kwamba anachelewa. Akamwongezea msaidizi wake madaraka, na kupitia jina la msaidizi huyo ndipo ukapenyezwa mlango wa siri uliogunduliwa Machi 2024. Uligunduliwaje? Andres Freund, mtaalamu wa PostgreSQL, aliona kuingia kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde, akafuatilia.

Tuseme angekuwa mgeni, ameandika tu "mbona kuingia kumekuwa kuzito siku hizi?" Kwa wachujaji wengi hilo linafungwa kabla ya chai. Mimi ningemwomba namba ya toleo na vipimo vya muda, kabla na baada, ndipo niamue.