Jiwe la Tochi: Pongezi kwa Mwalimu wa Sayansi wa Ikutha

Mwalimu wa sayansi katika eneo kama Ikutha, kusini mwa Kaunti ya Kitui, anastahili pongezi kwa sababu Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini Kenya mwaka 2019, unahimiza kujifunza kwa kutenda, lakini mtaala wenyewe haushiki waya; anayeushika ni mwalimu, naye huanza na jiwe la tochi. Jiwe moja la tochi, yaani betri, lina volti 1.5, volteji ndogo mno kumdhuru mtoto, ilhali umeme wa nyumbani ni wa volti 240, nao haufanyiwi mchezo. Mtoto anapounganisha jiwe, waya na balbu, huwa ameunda saketi, yaani njia iliyofungwa ya kupitisha umeme. Akiikata na kuweka katikati msumari, kijiko au kamba ya katani, macho yake ndiyo yanayomwonyesha kipi ni kipitishi na kipi ni kihami, yaani kizuizi cha umeme. Kinachostaajabisha zaidi ni ule moyo mweusi wa penseli, ambao si metali, lakini hupitisha umeme kwa kuwa una grafiti, aina ya kaboni, ingawa balbu hufifia. Mwalimu makini hukataza pia kuunganisha ncha mbili za jiwe kwa waya mtupu, kwani waya hupata moto na jiwe huisha upesi.