Mkono Ukatao Nta

Miongoni mwa mafundi ambao tarehe ya utabibu aghalabu huwapita bila kuwataja ni yule ambaye kazi yake ni kuichukua nyama ya marehemu, kuiloweka katika formalini isioze, kuiondoa maji kwa spiriti, kuizamisha katika nta, kisha kuikata kwa wembe vipande ambavyo unene wake haufiki sehemu moja ya mia ya milimita, na kuvitandaza juu ya kioo vipate kutiwa rangi. Ile rangi ya buluu, itokanayo na moyo wa mti uotao Meksiko, hunywewa na kiini cha kila seli. Palipobaki huwa waridi. Ustadi huu naupenda na kuutukuza, kwa kuwa ndio uliotufunulia namna kisukari cha utotoni kinavyoingia mwilini.

Kongosho humtaabisha fundi huyu kuliko nyama nyingine. Lina maji makali ya kuyeyushia chakula, na roho ikishatoka maji hayo huligeukia na kulila lenyewe, hata asiyefanya haraka hukuta uji mahali pa nyama. Vile visiwa alivyovieleza Paul Langerhans huko Berlin mwaka 1869, vyenye seli za beta zitengenezazo insulini, ni kama sehemu moja au mbili tu katika mia ya kongosho zima. Tena, tangu insulini ilipoanza kutibu watu mwaka 1922, watoto wengi walinusurika, Mungu ashukuriwe, na kongosho la aliyefariki mwanzoni mwa maradhi likawa adimu.

Willy Gepts wa Brussels alistahimili taabu hiyo. Aliyachunguza makongosho 22 ya wagonjwa waliofariki kabla ya miezi sita tangu ugonjwa kudhihiri, na mwaka 1965 akaeleza kwamba katika 15 kati yake aliziona limfosaiti, hizo seli za kinga, zimevizingira visiwa na kupenya ndani. Wachache waliomtangulia walikuwa wameliona jambo hilo, lakini likahesabiwa kuwa la nadra.

Alan Foulis wa Glasgow, pamoja na wenzake, waliendelea mbele zaidi, na hapa ndipo ninapopenda kukaa kitako. Mwaka 1986 walieleza habari za vijana 60 waliofariki ugonjwa ukiwa mchanga. Katika visiwa vilivyokuwa bado na insulini, 23 katika kila mia vilikuwa vimevamiwa. Katika vile vilivyokwisha kupoteza seli za beta, vilivyovamiwa havikuzidi kimoja katika mia. Zingatia, msomaji, uzito wa hesabu hiyo. Kipande cha nyama juu ya kioo kimesimama tuli, hakina jana wala kesho. Lakini kwa kuwa ndani ya kongosho moja kisiwa hiki ni kizima, jirani yake kimo vitani, na cha tatu kimekwisha kuwa ukiwa na wavamizi wamekihama, jicho lililofunzwa husoma humo mwendo wa maradhi tangu mwanzo hadi mwisho. Zaidi ya hayo, seli za kinga zilionekana zikikusanyika palipo na beta na kutawanyika beta zikiisha, kwa hiyo ilikuwa vigumu kudai kwamba zimefika huko kwa bahati tu.

Baadaye, mwaka 2009, vipande kutoka hazina hiyohiyo ya Foulis vilipotiwa rangi mpya zinazobainisha kila aina ya seli, waliokuwa wengi zaidi katika mazingiwa walikuwa seli T za CD8, askari ambao wajibu wao ni kuua seli iliyoingiwa na virusi. Dawa ya teplizumab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022 kuchelewesha maradhi haya, huzishika seli T hizo.

Matofali madogo ya nta yenye makongosho ya vijana wale yamehifadhiwa hata leo huko Exeter, Uingereza, nayo yangali yanakatwa kila lipatikanapo swali jipya. Kila mkato hulipunguza tofali, wala hapana awezaye kuliongeza. Kwa hiyo fundi huyakagua makali ya wembe, hulipoza tofali juu ya barafu, huituliza pumzi yake, ndipo auzungushe mkono wa mashine.