Matabibu wa Mendota
Taadhima kubwa inawastahili matabibu, wauguzi na walimu wa kituo cha vijana cha Mendota, mjini Madison, katika jimbo la Wisconsin, Marekani, ambao tangu mwaka 1995 huwapokea wavulana walioshindikana katika magereza ya vijana. Kwani walitambua kwamba adhabu juu ya adhabu huzidisha inda, na inda huleta adhabu nyingine, hata kijana akawa hana la kuchelea tena. Wao humpima kwa mwenendo wa siku ile, na akitengenea leo, kesho hupata fadhila yake. Kazi hii, naitakidi, yataka subira adhimu. Waliotibiwa huko, walipochunguzwa baada ya kuachiliwa, walionekana kurudia makosa ya kudhuru watu kwa uchache mno kuliko wenzao waliobaki magerezani.