Migongo Isiyo na Mgongo

Shule ya bweni niliyosoma ina ukuta mmoja ambao kila mgeni lazima apigwe picha mbele yake. Ni ukuta wa refekitwari, bwalo letu la kulia, upande unaotazama geti. Umechorwa imigongo kuanzia chini ya madirisha mpaka karibu na mabati: pembe tatu, meno ya msumeno, mistari inayopanda na kushuka kama njia za mlimani, nyeusi, nyeupe na nyekundu ya udongo. Miaka minne nilipanga foleni pembeni yake, sahani mkononi, nikisubiri impungure, mahindi na maharagwe yaleyale. Naujua kuliko ninavyoukumbuka uso wa babu yangu. Leo nataka kuusema vibaya, na naomba walionisomesha pale wanivumilie.

Sisi wa Mahama hatuna haja ya kuelezwa imigongo ni kitu gani. Kambi yetu iko Kirehe, na Kirehe ndiko nyumbani kwake. Ukishika barabara ya Kigali kwenda Rusumo, pale Nyakarambi utaona mbao zimepangwa zinauzwa. Lakini kuna wageni wa mashirika waliofika juzi tu, basi niseme kidogo. Imigongo ni wingi wa umugongo, na hapo msemaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani: ni migongo. Samadi ya ng'ombe inachanganywa na majivu, inafinyangwa kwa vidole juu ya ubao au ukuta mpaka itokeze matuta. Ikikauka inasuguliwa iwe laini, ndipo inapakwa rangi. Zamani nyeupe na nyekundu zilitoka kwenye udongo, na nyeusi ilitengenezwa kwa utomvu wa mshubiri na majivu. Kila tuta lina kivuli chake. Ukiitazama asubuhi na ukirudi jioni, si mchoro uleule, maana jua limehama na vivuli vimehama nalo.

Ukuta wetu hauna tuta hata moja. Ni rangi ya dukani juu ya plasta. Pitisha kiganja, utadhani unapapasa sahani. Fundi aliukata mchoro kwenye kipande cha plastiki, akawa anakibandika na kupaka, anakibandika na kupaka, ndiyo sababu kila pembe tatu ni pacha wa mwenzake. Sisemi alikuwa fundi mbovu. Mistari yake imenyooka, na ukisimama getini saa kumi na moja jioni ule ukuta unapendeza kweli. Tena mwalimu mmoja alinijibu vizuri nilipomlalamikia: samadi nje, mvua za masika moja tu zinaibomoa. Ana haki. Lakini jibu lake ndilo lililonifungua macho. Kwani nani alisema iwe nje?

Inasimuliwa kwamba aliyeanzisha sanaa hii ni Kakira, mwana wa Kimenyi, mfalme wa Gisaka, na kwamba alikuwa akipamba nyumba kwa ndani. Baadaye ikawa kazi ya kina mama, bado ndani. Ni kitu cha kutazamwa na mtu aliyelala, aliyeketi, anayekula, anayeugua. Sasa ingia refekitwari yetu. Ndani kuna nini? Rangi ya kijani ya mafuta mpaka kifuani, juu chokaa, na karatasi moja ya kanuni iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Wanafunzi mamia wanakula wakitazama kijani, na geti linatazama imigongo. Ukijua nani anaangalia nini, umeshajua ukuta ule ulichorwa kwa ajili ya nani.

Hapa lazima nikiri kitu. Mwanzoni hasira yangu haikuwa ya matuta. Ilikuwa wivu. Mimi ni Mrundi, mtoto wa Buyenzi. Mwaka 2014 UNESCO iliandika ngoma yetu ya kifalme kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Mwaka uliofuata tukavuka mpaka na mabegi. Kila nilipoona imigongo ya wenyeji nilijiuliza, yangu iko wapi? Basi shirika fulani lilipokuja kuuliza sisi wanafunzi wakimbizi tunataka nini ili tujisikie nyumbani, nilikuwa mmoja wa walioandika barua: tuchorewe ngoma.

Tukachorewa. Iko karibu na matangi ya maji mpaka leo. Ngoma imefungwa kamba kuzunguka tumbo lake, na mwanamume aliyetabasamu anaipiga kwa viganja. Jamani. Ngoma ya Burundi haina kamba; ngozi yake inashikwa na vigingi vya mti vilivyopigiliwa kwenye gogo. Na haipigwi kwa viganja, inapigwa kwa fimbo mbili, na mpigaji anaruka. Kwa Kirundi neno ingoma ni ngoma, na ni ufalme pia. Hicho ndicho kitu walichokifunga kamba kama mzigo wa kuni. Pembeni kuna mikono miwili inayosalimiana, na chini, kubwa kuliko ngoma yenyewe, alama ya mfadhili. Tulipiga makofi siku ya uzinduzi. Mimi nilipiga makofi. Niliona aibu kusema, maana niliomba mwenyewe.

Mwaka wa tatu mwalimu wa sanaa alitupeleka kwa kina mama wa Nyakarambi, safari ya siku moja. Mama mmoja alinishika mkono akauzamisha ndani ya beseni. Nilidhani nitatapika, wala haikunuka sana, ilinuka kama nyumba yenye majivu. Akaniambia nivute tuta kwa vidole viwili, nisibonyeze. Langu likapinda. Akacheka, akasema liache, migongo yote ya dunia imepinda. Sikuwaza mara moja kama kitu kile ni cha Wanyarwanda au cha Warundi. Nilikuwa nafanya kazi.

Tuliporudi, wasichana watatu, mmoja mwenyeji na sisi wawili wa kambini, tuliokota mbao za kitanda kilichovunjika tukatengeneza tatu zetu. Mwenzangu aliweka mchoro wa kapu la bibi yake, zile pembe za agaseke. Zilikauka chini ya vitanda kwa wiki mbili. Kisha ukaja ukaguzi wa bweni. Msimamizi akasema hawezi kuruhusu mavi ya ng'ombe mahali wasichana wanapolala, na mbili zikatupwa kwenye shimo la takataka, mita thelathini kutoka ule ukuta wa picha.

Ninyi wa mashirika mnaosoma jarida hili, najua bajeti ya kupamba shule itakuja tena, na safari hii huenda ikaja kwa shule za hapa kambini. Msitafute fundi. Ombeni ukuta mmoja wa ndani, bwaloni au bwenini, na wiki tatu za kukausha. Mwiteni mama mmoja kutoka Nyakarambi mumlipe kama mwalimu, si nauli na soda. Alama yenu iwekeni kwenye ripoti.

Ubao wa tatu ulipona kwa sababu ulikuwa ndani ya sanduku langu la bati, chini ya shuka. Sasa uko kwetu, umeegemea ukuta wa matofali juu ya jerikeni. Tuta moja limepasuka, na mdogo wangu ana tabia ya kulipapasa kwa kidole akiwa anasubiri chakula kiive. Nimemkataza mara nyingi. Siku hizi nimemwacha.