Kilo 120 za Alhamisi

Mliiona klipu ya mazoezi ya raga wenyewe. Alhamisi, siku mbili kabla ya mechi, baa moja ya kilo 120 ikazungushwa kikosi kizima, kuanzia propu hadi winga: skwati za kuruka, mara sita, seti nne. Kocha wa viungo anapiga makofi. Huo ulikuwa uamuzi mbovu, nami nasema bila kupepesa macho.

Rudisheni video mumtazame winga. Anashuka vizuri, mgongo umenyooka. Wakati wa kupanda magoti yanachelewa kufunguka, visigino vinainuka, lakini vidole havibanduki sakafuni. Rudio la tatu baa inamgonga mabegani, anakanyaga hatua moja mbele asianguke. Kuruka hakupo tena hapo. Kijana ana kilo 82, na uwezo wake wa juu wa skwati ni 150, kwa hiyo amebebeshwa asilimia 80. Propu anayemudu 210, kwake baa hiyohiyo ni asilimia 57, na yeye kweli aliruka. Basi makofi yote yakamwendea propu.

Skwati ya kuruka hujenga nguvu ya mlipuko, nayo ni msukumo mara kasi. Ukiongeza chuma msukumo unapanda na kasi inashuka; mwanafiziolojia A. V. Hill alilionyesha hilo kwa misuli ya chura mwaka 1938. Mwaka 2007 mtafiti Prue Cormie na wenzake wakapima mazoezi matatu. Kwenye skwati ya kuruka, kilele cha mlipuko kilipatikana bila kilo yoyote ya ziada. Kwenye skwati ya kawaida, asilimia 56 ya uwezo wa juu. Kwenye klini, yaani kuivuta baa kutoka sakafuni hadi mabegani kwa mkupuo mmoja, 80. Nahisi hiyo 80 ya klini ndiyo iliyookotwa mahali ikapachikwa kwenye zoezi lisilo lake. Kuhusu skwati ya kuruka, wataalamu hubishana kati ya mwili mtupu na nusu hivi ya uwezo, hasa kwa wachezaji wenye nguvu nyingi. Themanini haimo kwenye ubishi huo.

Silaumu ratiba nzima ya wiki: skwati nzito za Jumatatu na mbio za Jumanne zilipangwa vizuri.

Tatizo lenyewe ni la zamani, na wasomaji wangu wamechoka kunisikia: ule ubao wa rekodi kwenye mlango wa jimu. Mchezaji anayejua jina lake litaandikwa kwa kilo atatafuta kilo, na kocha atampa. Kikosi cha Kenya cha raga ya wachezaji saba, chini ya kocha Benjamin Ayimba, kilipoikung'uta Fiji 30-7 kwenye fainali ya Singapore mwaka 2016, nani aliuliza Collins Injera ananyanyua ngapi? Tulihesabu mabeki aliowaacha wamesimama. Hawa wa leo tunawajua kwa vyuma vyao kabla hatujawaona wakifunga trai.

Winga huyo Alhamisi alistahili baa tupu ya kilo 20, ikizidi sana 45, mara tatu kila seti, apumzike dakika tatu, na zoezi likome pale urefu wa kuruka unapoanza kushuka. Msiniambie klabu haina kifaa cha kupima kasi ya baa. Apake chaki vidoleni, aruke aguse ukuta kabla ya seti na baada yake, mtu apime kwa futi ya fundi. Alama ikishuka, anakwenda kuoga, na vipimo hivyo ndivyo viandikwe kwenye ule ubao.